Mlinganyo Mmoja, Mavazi Matatu: Kuandika na Kuchora Fankisheni za Kipeo cha Pili kwa Programu ya Grafu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Mombasa akipewa y = 2x² − 3x − 5 na kuambiwa aichoree grafu, jambo la kwanza analofanya ni kupiga mistari ya jedwali. Huandika thamani za x kuanzia −2 hadi 3, akatafuta y ya kila moja, akapata 9, 0, −5, −6, −3 na 4, kisha akazitia nukta hizo sita kwenye karatasi ya miraba na kuziunganisha kwa penseli. Nukta zenyewe huwa sahihi. Kosa huingia chini, baina ya nukta (0, −5) na (1, −6), kwa sababu hapo mkono haujui upite wapi: mmoja hutia rula, mwingine huupinda mstari ukagusa −6 na kugeuka papo hapo, ilhali mahali pa chini kabisa pa grafu hii hapamo katika jedwali. Pako pale x inapokuwa 0.75, na y hapo ni −6.125. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza alama kwa kutia rula mahali kama hapo, nikarudishiwa karatasi yenye mkwaju mwekundu bila maelezo yoyote, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba kosa langu halikuwa la mkono. Sikuwa nimeusoma mlinganyo.

Siku hizi chombo cha kuchora grafu kimo mfukoni mwa yeyote mwenye simu. GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Desmos ilianzishwa na Eli Luberoff nchini Marekani mwaka 2011. Zote mbili mwanafunzi huzitumia bila malipo, na ukishazipakua kwenye simu huchora hata bando likiisha. Kabla yake mtu alihitaji kikokotoo maalumu chenye kioo cha grafu, ambacho Casio ilianza kukiuza mwaka 1985. Ndani ya programu hizi hamna muujiza. Hufanya kazi ile ile ya jedwali, ila badala ya thamani sita hutafuta mamia, zikiwa zimekaribiana kiasi cha jicho kutoona nafasi baina yake, na kwa hivyo kitako cha grafu huonekana kilipo. Lakini programu haikuelezi ni kwa nini kitako kiko kwenye 0.75 wala si kwenye 0.5, na haikwambii uandike nini iwapo unalo umbo mbele yako ila huna mlinganyo wake. Hayo yamo katika namna mlinganyo unavyoandikwa.

Fankisheni ni kanuni ambayo ukiipa thamani moja ya x hukurudishia thamani moja tu ya y. Huitwa ya kipeo cha pili, au ya kwadratiki, iwapo kipeo kikubwa kabisa cha x ndani yake ni 2. Wanafunzi wengi huuliza, tena kwa haki, mbona neno kwadratiki linanukia nne ilhali kipeo ni mbili. Jibu ni kwamba limetokana na neno la Kilatini quadratus, yaani mraba, na mraba una pande nne. Kiswahili kimefika hapo hapo kwa njia ya Kiarabu, kwa kuwa mraba na robo ni maneno ya mzizi mmoja, mzizi wa nne. Kwa hiyo anayesema “x mraba” anataja umbo, yaani eneo la sakafu ya chumba chenye urefu wa x na upana wa x, na picha hiyo tutaihitaji mbele kidogo.

Mlinganyo wetu una mavazi matatu. La kwanza ni hilo tulilolikuta, y = 2x² − 3x − 5. La pili ni y = (2x − 5)(x + 1). La tatu ni y = 2(x − 0.75)² − 6.125. Iandike milinganyo yote mitatu katika programu, kila mmoja kwenye mstari wake, ukitumia alama ya ^ kabla ya 2 iwapo kibodi haina kitufe cha mraba. Utaona mkunjo mmoja tu. Mikunjo mitatu imelaliana, rangi ya mmoja ikizifunika za wenzake, na ukiuficha mmoja bado mstari uko pale pale. Mwanafunzi niliyemwonyesha jambo hili mara ya kwanza alidhani simu imekwama, akafuta na kuandika upya. Aliposadiki kwamba milinganyo yote mitatu ni kitu kimoja, aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha somo hili: kama ni kitu kimoja, mbona tunasumbuliwa kukiandika mara tatu?

Tunasumbuliwa kwa sababu kila vazi linafichua jambo ambalo mengine yanalificha. Vazi la kwanza linaonyesha wazi mahali mkunjo unapoukata mhimili wa y, kwani ukitia x = 0 kila chenye x hutoweka na kubaki −5. Vazi la pili linaonyesha mahali unapoukata mhimili wa x: namba mbili zikizidishwa na kuzaa sifuri, hapana budi mojawapo iwe sifuri, kwa hiyo ama 2x − 5 = 0, na x ni 2.5, ama x + 1 = 0, na x ni −1. Vazi la tatu ndilo linalojibu swali la 0.75. Mraba wa namba yoyote hauwi hasi kamwe, basi (x − 0.75)² haiwezi kushuka chini ya sifuri, na hufika sifuri mara moja tu, x inapokuwa 0.75, wakati huo kilichobaki ni −6.125, na y haina pengine pa kushukia. Nukta hiyo huitwa nukta ya mgeuko. Tena angalia kwamba 0.75 iko katikati hasa ya −1 na 2.5, jambo ambalo si la bahati, kwa kuwa upande wa kushoto wa mkunjo ni kivuli cha upande wa kulia kama uso na kioo. Katika vazi la kwanza, lililo la umbo la y = ax² + bx + c, katikati hiyo hupatikana kwa −b ÷ 2a, ambayo hapa ni 3 ÷ 4.

Sasa vitelezi. Andika y = a(x − h)² + k, na programu itakutengenezea vitelezi vya a, h na k, yaani vijisahani unavyoviburuta kwa kidole ili kubadili thamani huku mkunjo ukikufuata. Ukiipandisha a kutoka 1 hadi 3, mkunjo hubana kama mdomo wa mtungi. Ukiishusha hadi 0.2 hutanuka kama sinia. Ikifika 0 mkunjo hulala ukawa mstari ulionyooka, na ikipita chini ya 0 hujipindua kama bakuli lililofudikizwa. Kitelezi cha k hupandisha na kushusha, na hakimsumbui mtu. Kinachosumbua ni h. Wanafunzi huona alama ya kutoa katika (x − 3)² na kutarajia mkunjo uende kushoto, kisha huuona ukienda kulia na kukariri kwamba “alama hugeuka”, bila ya kujua sababu. Sababu ni ile ile ya aya iliyotangulia: mabano huwa sifuri pale x inapokuwa 3, na hapo ndipo mgeuko ulipo. Ukijiuliza ni x gani inayoyafanya mabano kuwa sifuri, hutahitaji kukariri.

Kitelezi cha b katika vazi la kwanza kina tabia ya ajabu zaidi, na vitabu vingi hukipita haraka. Andika y = x² + bx − 5 na uiburute b polepole. Mkunjo haupandi tu wala hauendi kando tu, bali hufanya yote mawili kwa pamoja kama unaobembea, ukiwa umeishika nukta (0, −5) bila kuiachia. Ongeza mstari wa pili, y = −x² − 5, na uiburute b tena: utaona nukta ya mgeuko ikiteleza juu ya mkunjo huo wa pili, uliofudikizwa, bila kuuacha hata kidogo. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa hesabu ya mistari miwili, lakini sijaona mwanafunzi aliyelitazama kwa macho yake akakosa kutaka kuifanya hesabu hiyo.

Kuna tahadhari moja ya uandishi. Ukiandika −3^2, programu hukujibu −9, kwa sababu hutafuta mraba kwanza na kutia alama ya hasi baadaye. Ukitaka mraba wa hasi tatu ni lazima uandike (−3)^2. Kosa hili hili ndilo linaloharibu majedwali mengi ya mkono. Tena KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huruhusu vikokotoo visivyoweza kuprogramiwa tu, kwa hiyo simu itabaki nje, na kitakachoingia na mtahiniwa chumbani ni kile alichokielewa alipokuwa akiitumia.

Mfano wa biashara utaonyesha kwa nini mlinganyo hutangulia skrini. Tuseme mama mmoja wa Majengo anauza mahamri 200 kila asubuhi kwa shilingi 10 kila moja, na amegundua kwamba kila akipandisha bei kwa shilingi moja, mahamri 10 hubaki bila mnunuzi. Akipandisha kwa shilingi x, bei ni 10 + x, yatakayouzwa ni 200 − 10x, na pesa atakazoingiza ni y = (10 + x)(200 − 10x). Nilipowapa wanafunzi mlinganyo huu wauchore, waliuandika vizuri, wakatazama simu zao, kisha mmoja akasema, “Mwalimu, mbona hakuna kitu?” Kweli hapakuwa na kitu. Dirisha la programu hufunguka likionyesha takriban −10 hadi 10 kwa kila mhimili, na fankisheni yetu, x ikiwa 0, tayari iko 2,000. Ilikuwa kama kuitazama bandari ya Kilindini kupitia tundu la ufunguo. Labda ungeona kijistari kimesimama wima kwenye ukingo wa kushoto, basi.

Wengi hapo huanza kubana na kutanua skrini kwa vidole, wakipotea zaidi. Njia ya uhakika ni kuusoma mlinganyo, ambao kwa bahati njema umeandikwa katika vazi la pili. Mkunjo unaukata mhimili wa x pale 10 + x = 0 na pale 200 − 10x = 0, yaani −10 na 20. Katikati yake ni 5. Ukitia 5, bei ni shilingi 15, mahamri ni 150, na y ni 2,250. Sasa unajua dirisha unalolihitaji: x kutoka −12 hadi 22, y kutoka −200 hadi 2,500. Weka namba hizo katika mipangilio ya grafu, na mkunjo wote utajitokeza, umefudikizwa, kilele chake wazi.

Je, huyu mama auze kwa shilingi 15? Hapana, na hapa ndipo uandishi wa fankisheni unapodai umakini kuliko uchoraji wake. Tulichokiandika ni mapato, wala si faida. Tuseme unga, tui, iliki, mafuta na makaa vinamgharimu shilingi 6 kwa kila hamri. Basi kwa kila hamri anabaki na 4 + x, na faida yake ni y = (4 + x)(200 − 10x). Mkunjo huu unaukata mhimili kwenye −4 na 20, na katikati yake ni 8. Kwa bei ya shilingi 18 atauza mahamri 120 na kubaki na faida ya shilingi 1,440, ilhali kwa bei ya 15 angebaki na 1,350, na kwa bei yake ya zamani 800 tu. Chora mikunjo yote miwili pamoja na utaona vilele vikiwa vimeachana, cha faida kikiwa kulia na chini. Programu ingekichora kimoja kwa uaminifu ule ule kama kingine. Haijui wewe ulikuwa unauliza nini. Wala haijui kwamba kulia kwa 20 mkunjo unazungumzia mahamri yaliyo pungufu ya sifuri, jambo lisilokuwepo duniani. Kuukata mkunjo pale maana inapokwisha ni kazi ya aliyeuandika.

Swali linalobaki ni jinsi ya kulifikia vazi la tatu kutoka la kwanza, na hapa turudi kwenye ule mraba wa sakafu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alilieleza tatizo hili kwa picha: mraba na mara kumi ya ubavu wake ni sawa na 39, yaani x² + 10x = 39. Fikiria jamvi la mraba lenye ubavu wa x. Zile 10x zigawe mara mbili, zitoke jamvi mbili nyembamba za upana wa 5 na urefu wa x, kisha moja uilaze kuliani mwa mraba na nyingine chini yake. Umepata umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila limepungukiwa na kona moja ya 5 kwa 5. Ijaze kona hiyo kwa 25. Kwa kuwa umeongeza 25 upande huu, 39 nayo inakuwa 64, ambayo ni mraba wa 8. Basi x + 5 ni 8, na x ni 3. Jina aljebra limetokana na neno lake al-jabr, kuunga kilichovunjika, ambalo ni ndugu wa mzizi mmoja na neno letu jabari. Na kwa kweli kazi iliyofanyika hapa ni ya kuunga, kuipa sakafu kona iliyokosekana.

Kwa uandishi wetu, picha hiyo inasema kwamba y = x² + 10x − 39 ni sawa na y = (x + 5)² − 64. Ichore, na bila kurekebisha dirisha utaona mkunjo ukiukata mhimili kwenye 3 na kutokomea. Ukiishia hapo, utaamini kuna jibu moja. Vazi la tatu linakwambia kitako kiko kwenye (−5, −64), chini kabisa ya ukingo wa skrini, na kwamba kuna jibu jingine lililo umbali wa 8 kushoto kwa −5, yaani −13. Al-Khwarizmi aliliacha jibu hilo kwa sababu alikuwa akipima mbavu za mraba, na ubavu hauwi hasi. Skrini inaliacha kwa sababu tu halimo katika dirisha. Kuna tofauti kubwa baina ya kuacha kwa hoja na kuacha kwa kutoona.

Mara nyingine unalo umbo, na mlinganyo ndio unaoutafuta. Pale wanapooshea tuktuk kando ya barabara, mpira wa maji ukielekezwa juu kidogo, maji hupanda, hugeuka na kushuka katika parabola, ndilo jina la mkunjo wa fankisheni ya kipeo cha pili, umbo ambalo Galileo Galilei alilieleza kwa vitu vinavyorushwa katika kitabu chake cha mwaka 1638. Tuseme maji yanatoka mita 1 kutoka ardhini na kufikia kimo chake cha juu kabisa, mita 3, baada ya kusogea mita 2 mbele. Umepewa nukta ya mgeuko, basi chagua vazi la tatu: y = a(x − 2)² + 3. Inayokosekana ni a, nayo hutolewa na nukta nyingine yoyote unayoijua. Pale x = 0, y ni 1, kwa hiyo 4a + 3 = 1, na a ni −0.5. Maji yataanguka pale y inapokuwa sifuri, yaani (x − 2)² = 6, na programu ukiigusa nukta hiyo itakupa 4.449. Kumbuka kwamba hilo ni kadirio; jibu kamili ni 2 kujumlisha kipeuo cha pili cha 6, na skrini haiwezi kuliandika kwa desimali likaisha.

Ukiwa na nukta bila ya mgeuko, tatu zinatosha, mradi hazimo katika mstari mmoja ulionyooka na kila moja ina x yake. Na hapa kuna mtego ninaoutilia mkazo kila mara. Wanafunzi hupenda kuzipiga picha Pembe za Moi Avenue, yale matao ya hapa Mombasa yenye umbo la pembe za ndovu, wakaitia picha ndani ya GeoGebra, wakaweka nukta mbili chini kwenye miguu na moja juu zinapokutana, kisha wakafurahi kuona parabola ikipita zote tatu. Itapita tu, kwa kuwa kupitia nukta tatu za namna hiyo daima kuna parabola moja, hata kama ungezitupa ovyo. Hata kamba iliyoning’inia ambayo kwa macho ni parabola tupu, Christiaan Huygens wa Uholanzi alionyesha mwaka 1646, akiwa na umri wa miaka 17, kwamba si parabola.

Kipimo cha kweli kimo katika lile jedwali la mwanzo. Chukua 9, 0, −5, −6, −3 na 4, utafute tofauti ya kila moja na inayoifuata: −9, −5, −1, 3, 7. Kisha tafuta tofauti za tofauti hizo: 4, 4, 4, 4. Katika kila fankisheni ya kipeo cha pili, x ikipanda kwa hatua ya moja moja, tofauti za pili hazibadiliki, na nusu yake ndiyo a. Hapa ni 2, kama tulivyoandika. Ukiacha hatua ziwe sawa, umbo lolote unaweza kulijaribu hivyo. Niliwapa wanafunzi kazi hiyo kwa picha ya Pembe: kupima kimo cha upinde mmoja kila baada ya sentimita moja kwenye karatasi, kutoka mguu hadi mguu, na kutafuta tofauti mara mbili. Pembeni tofauti za pili ziliyumba kidogo, kiasi cha kusamehewa kwa ajili ya rula na macho. Juu, pale pembe mbili zinapokutana na kufanya kona ambayo parabola haina, ziliruka ghafla, na parabola iliyopita nukta zote tatu ikabaki imeviringika juu ya picha, mbali na pembe zenyewe.